Embe la Kumi na Moja

Nzilani hajawahi kupanda ndege, na ukimwuliza atakwambia hana haja nayo. Lakini mwaka huu, kuanzia wiki ya pili ya Novemba, ndege moja ilimkosesha raha mpaka siku moja akatia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote bila kugundua. Ndege yenyewe hakuwa ameiona hata kwa picha. Alichojua ni kwamba ilikuwa ndogo, na kwamba udogo wake ungeweza kumrudisha yeye na wanawake wenzake ishirini na wanane kule walikotoka miaka minne nyuma, wakati maembe ya kwao Mukuyuni, Ukambani, yalipokuwa yakinunuliwa kwa gunia kama makaa, au yakiachwa chini ya miti yaoze huku nyuki wakilewa.

Watu humwita Mama Kitheka, kwa jina la kifunguamimba wake. Ana miaka sitini na mmoja, miguu myembamba, na sauti ambayo haihitaji simu kuvuka bonde. Marehemu mumewe, Mutie, aliwahi kuamka asubuhi moja na shoka begani akitaka kukata miembe yote arobaini achome makaa, kwa kuwa bei ya mwaka huo ilikuwa matusi. Nzilani alienda akakaa chini ya mti wa kwanza, akanyoosha miguu, akamwambia aanze na yeye. Mutie alikuwa mtu wa hasira za asubuhi tu. Kufikia saa nne alikuwa amelirudisha shoka ndani na kuomba uji. Miti ile arobaini ipo mpaka leo.

Kabla ya mambo ya ndege, Nzilani aliuza maembe katika soko la Mukuyuni kwa miaka thelathini. Aliuza kwa fungu, si kwa kilo. Maembe matano, manne chini na moja juu, na mteja akishalipa, mkono wa Nzilani ulirudi kwenye beseni lililokuwa karibu na mguu wake, ukatoa embe moja dogo na kulitumbukiza mfukoni mwa mteja. Hiyo ndiyo nyongeza. Kila mtu aliyekulia soko la namna ile anaijua, na hakuna anayeihesabu. Mama asiyeongeza haitwi mwizi, la, ila utaona wateja wakipita mbele ya meza yake wakiangalia ng'ambo kana kwamba wameitwa na mtu. Nzilani hakuwahi kupitwa. Mkono wake ulikuwa umezoea kuongeza hata akiwa anaongea na jirani, hata akiwa na homa.

Aliyewatoa sokoni na kuwapeleka angani ni Hemedi. Huyu ni mtu wa mji wa Mwingi, wa familia ya Kiislamu ambayo mababu zake walipanda kutoka pwani zamani wakafungua maduka, na Kikamba chake kinawashinda Wakamba wengi wa siku hizi. Kazi yake ni kutafutia mizigo nafasi kwenye ndege. Miaka minne iliyopita aligundua kwamba ndege moja ya watalii, inayotoka Nairobi kila Ijumaa saa nne asubuhi kwenda kisiwa cha mbali huko katikati ya bahari, ilikuwa ikisafiri na tumbo tupu. Kisiwa kile kina mahoteli mengi na shamba hakina. Hemedi akaja Mukuyuni, akaonja embe la Nzilani, akalamba vidole bila aibu, na kikundi cha kina mama kikapata banda, meza ndefu na katoni zenye picha ya embe.

Kazi yao ina utaratibu wake. Maembe huchumwa na kikonyo, yakalazwa utomvu udondoke, yakaoshwa, yakachaguliwa. Kumi yanaingia kwenye katoni. Katoni inapimwa, kilo nne, kisha inasukumwa mpaka mwisho wa meza ambako Nzilani anaikagua, anafunika karatasi na kuifunga. Mwisho wa meza ni mahali pa heshima. Hapo chini, karibu na mguu wake, huwa kuna beseni la maembe madogo.

Basi, Jumanne hiyo ya Novemba Hemedi alikuja mwenyewe bila kupiga simu. Nzilani alipomwona anakataa kiti, aliacha alichokuwa akifanya.

"Mama Kitheka, kampuni imebadilisha ndege."

"Ile ingine imeharibika?"

"Haijaharibika. Ni kubwa sana."

Nzilani alicheka. Tangu lini ukubwa ukawa kosa? Lakini Hemedi hakucheka naye.

"Wewe ukipikia watu wanne," Hemedi alisema, "unatoa ile sufuria ya harusi?"

"Nitakuwa nimechizi? Kuni zote ziishe?"

"Sasa hiyo ndiyo wameona. Ile ndege iko na viti karibu mia tatu. Watalii wanajaa Desemba na Agosti. Mwezi wa tano inabeba watu themanini, na mafuta inakunywa karibu ile ile. Wamekaa chini wakapiga hesabu, wakaleta ya viti mia moja na sabini. Hiyo inajaa."

"Ni sawa kwao. Na sisi?"

Hemedi alisugua kofia yake. "Sisi tulikuwa tunakaa kwa nafasi yenye hakuna mtu alikuwa anaitaka. Hiyo nafasi imeisha."

Akamweleza yote, na Nzilani, ambaye bahari aliiona mara moja tu kwenye safari ya kanisa, alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza. Ndege ikishaiacha pwani, kuna maji matupu kwa karibu saa tatu. Kisiwa kiko peke yake. Mvua ikiufunika uwanja wake, hakuna uwanja mwingine wa karibu wa kwenda kujisitiri, kwa hiyo ndege hubeba mafuta ya ziada ya kuzunguka huko juu mpaka mvua ipite. Ndege kubwa haikujali uzito huo. Hii ndogo inajali. Inabeba mafuta kwanza, kisha abiria, kisha masanduku ya abiria, na kinachobaki ndicho cha maembe. Upepo ukiwa wa mbele, mafuta yanaongezwa, na kitu cha kwanza kuachwa chini ni mzigo. Na msimu wa maembe, kwa bahati mbaya isiyo ya mtu yeyote, ndio huo huo msimu wa watalii: Desemba, maharusi wametoka kufunga ndoa, kila mmoja na sanduku la nguo ambazo hatazivaa.

"Tulikuwa tunapeleka katoni mia tano," alisema Nzilani.

"Sasa ni mia mbili. Kilo mia nane, na karatasi ya mzigo ni mimi natia sahihi. Wametupea Ijumaa tatu za kujaribiwa. Tukienda sawa, nafasi ni yetu mpaka msimu uishe. Tukikosea, kuna watu wa samaki huko pwani wanaingojea."

Hakuna aliyelala vizuri wiki hiyo. Nzilani alikuwa akikaa chini ya miti yake mchana akiyatazama maembe yakinenepa, na badala ya kufurahi akaona kama yanamdai kitu. Katoni mia mbili kati ya wanawake ishirini na tisa ni chache, lakini chache ni kitu. Ijumaa zile zikipotea, hakutakuwa na kitu. Wenye malori ya magunia wanaijua njia ya Mukuyuni, na wakisikia wanawake wamekwama watakuja na bei yao ile ya zamani wakitabasamu.

Ijumaa ya kwanza simu iliingia saa tano.

"Zimeenda," Hemedi alisema, "lakini kumi na mbili zimebaki chini. Mzigo umezidi. Wamepima, ni kilo mia nane hamsini."

"Hiyo hamsini imetoka wapi?"

"Mimi ndio nakuuliza wewe."

Zamani, kwenye ndege kubwa, katoni zote zilifungwa pamoja juu ya ubao, zikavikwa wavu, zikapimwa kwa mkupuo. Kilo zikizidi, ubao ulilaumiwa, mambo yakaisha. Hii ndogo inapakiwa kwa mikono, katoni moja moja, na hakuna ubao wa kubebeshwa lawama. Kwa hiyo kikundi kilikutana Jumamosi kutafuta mtu wa kulaumu, jambo ambalo vikundi hulifanya kwa ufundi mkubwa.

Alipatikana haraka. Yvonne, binti wa Muli mwenye posho mill, kinu cha kusaga unga, alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mizani mpya ya namba nyekundu ilikuwa mikononi mwake tangu Septemba. Ndiye aliyepima kila katoni.

"Mizani ya zamani ilikuwa na mshale," mama mmoja alisema. "Mshale haudanganyi."

Nzilani alikuwa ameshikwa na hofu, na hofu ikishamshika mtu mwenye sauti kubwa, hutokea mdomoni. "Si mizani," alisema. "Huyu mtoto anapima na jicho moja. Hilo lingine liko kwa simu."

Watu waliangua kicheko. Yvonne aliikunja ile kanga ya kazi aliyokuwa ameifunga kiunoni, akaiweka kwenye mfuko wake polepole sana. Nzilani aliona, na hakulirudisha neno lake. Tuseme ukweli, alijisikia nafuu kidogo. Afadhali kosa liwe na mwenyewe.

Alhamisi iliyofuata Yvonne alipima akiwa amezima simu na kuiacha kwa mamake. Alitaja kila namba kwa sauti, "Nne! Nne! Nne!", mpaka koo likamkauka. Katoni mia mbili. Nzilani mwisho wa meza alikagua, akafunika, akafunga. Nzau dereva akapakia, lori likaondoka saa tisa mchana kwenda kulaza mzigo kwenye chumba cha baridi huko uwanjani.

Ijumaa ya pili simu haikuingia saa tano. Haikuingia saa sita. Nzilani aliiweka kwenye kopo tupu ili mlio wake usikike zaidi, akakaa mbele ya kopo. Saa saba kasoro ikalia.

"Zimebaki," alisema Hemedi.

"Ngapi?"

"Zote."

Ndege ilikuwa imejaa, upepo ulikuwa wa mbele, rubani akaomba mafuta zaidi, wale wa kupakia wakawa wanahesabu mpaka kilo. Katoni za Mukuyuni zilipopandishwa kwenye mizani, kilo hamsini zikazidi tena. Wakati wa kuchagua zipi ziende na zipi zibaki haukuwapo. Wakazitoa zote, wakafunga mlango, ndege ikaruka na maharusi wake.

"Mama Kitheka, wamesema karatasi yetu inadanganya. Mbele ya watu. Na hiyo karatasi iko na jina yangu."

Neno hilo lilimchoma Nzilani kuliko habari ya maembe. Miaka thelathini sokoni, hakuna aliyewahi kumwita mwongo. Alitoka nje akazunguka nyumba mara mbili bila kujua anatafuta nini. Kisha akaanza kumfikiria Nzau. Kwa nini dereva hulala njiani? Si inawezekana anapakia vitu vyake humo? Nzau aliporudi na mzigo Jumamosi asubuhi na kusikia alivyoshukiwa, alitupa funguo za lori mezani, akaapa kwa jina la mama yake mzazi na kusema kama anatafutwa mwizi, basi wapime kila katoni mbele yake, sasa hivi.

Wakapima. Yvonne aliiweka ya kwanza juu ya mizani bila kumtazama mtu.

"Nne na robo," alisema.

Ya pili, nne na robo. Ya tatu, nne na robo. Mizani ikaletewa pakiti ya unga ya kilo mbili kutoka dukani, haijafunguliwa, ikasoma mbili. Zikawekwa mbili, ikasoma nne. Mizani ilikuwa nzima. Wanawake wakatazamana, na mmoja akanong'ona kwamba labda maembe yamekunywa maji kwenye chumba cha baridi.

"Letea mimi," alisema Nzilani. "Nifungue nihesabu mwenyewe."

Alikata gundi kwa kisu, akaondoa karatasi. Akatoa kile kiembe cha pembeni, akakiweka mezani kando. Akahesabu yaliyobaki, yakawa kumi. Akairudisha katoni kwenye mizani.

"Nne kamili," alisema. "Hii iko sawa."

Akafungua ya pili. Akatoa kiembe cha pembeni, akakiweka kando na mwenzake. Kumi. Nne kamili. Sawa. Akafungua ya tatu, ya nne, ya tano, na kila moja ilikuwa sawa, na Nzilani akaanza kupata nguvu, sauti ikampanda. "Mnaona? Iko sawa! Hao watu wa ndege ndio hawajui kupima!" Wenzake wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nawaambia, wanawake zaidi ya ishirini walisimama pale wakatikisa vichwa.

Ni Yvonne aliyenyoosha kidole.

"Susu," alisema. Vijana wote wa pale humwita hivyo, Susu, bibi. Aliongea kwa upole kama mtu anayemwonya mwenzake kuhusu nyoka. "Hizo umetoa ni za nini?"

Nzilani aliangalia. Viembe vitano vidogo vilikuwa vimejipanga mezani.

"Hizi?" alisema. "Hizi si kitu. Hizi ni nyongeza."

Na hapo ndipo alipojisikia mwenyewe.

Beseni lilikuwa palepale chini, karibu na mguu wake, mahali lilipokaa kwa miaka minne mbele ya macho ya kila mtu. Hakuna aliyefichwa. Yvonne mwenyewe alikuwa akilijaza asubuhi. Kila katoni ilipita kwenye mizani ikiwa nne, ikafika kwa Nzilani, na mkono wake ukashuka, ukatoa kiembe, ukakitia kwenye pengo la kona, kwa sababu katoni iliyofungwa bila nyongeza ingekuwa ni aibu, ingekuwa kama kumtuma mtoto kwa watu bila kumpaka mafuta. Ungemwuliza yeyote kati yao uzito wa katoni, angekuapia ni nne. Nyongeza haikuwa na uzito. Nyongeza ilikuwa ya roho tu. Na mara mia mbili, roho hiyo ilikuwa kilo hamsini.

Nzilani aliketi juu ya kreti. Akaivuta kanga yake mwenyewe kiunoni, akamfunga Yvonne, fundo baya kabisa.

"Nilikutukana mbele ya watu," alisema. "Sasa naomba msamaha mbele ya hao hao. Jicho yangu ndiyo ilikuwa haioni." Kisha akamgeukia Nzau, akaokota funguo mezani na kumrudishia kwa mikono miwili.

Hemedi alipoelezwa kwenye simu alicheka. Alicheka sana, na kicheko kilipoisha sauti yake ilikuwa na uchovu. "Nitawaambia nini hao watu, Mama Kitheka? Eti mzigo ulizidi kwa sababu ya heshima?"

Hatukujua aliwaambia nini. Jumatatu alipiga akasema Ijumaa ya tatu imebaki, lakini ni ya mwisho kabisa. Mia nane ni mia nane. Ikizidi kilo tano tu, nafasi ni ya samaki.

Sasa ikaja hofu nyingine, na hii ilikuwa mbaya kuliko zile za mwanzo, kwa sababu ndege na upepo na maharusi viko mbali, lakini mkono wako unaishi nawe. Nzilani aliuogopa mkono wake wa kulia. Jumatano alienda sokoni kununua nyanya na kumsaidia mama mmoja kupanga mafungu, na kabla hajajua, mkono ulikuwa umeshachota nyanya na kumwongezea mtu asiyemjua, nyanya ambazo hata si zake. Alirudi nyumbani akiushika kwa mkono wa kushoto.

Aliwaomba wenzake wamweke mtu mwingine mwisho wa meza. Walikataa. Hakuna aliyejua kukagua kama yeye, na embe moja lenye doa lingewaharibia kwa namna nyingine. Basi akaomba beseni litolewe bandani. Yvonne alilibeba mwenyewe mpaka barabarani akalikabidhi kwa watoto wa shule, likaisha kabla hajafika mlangoni.

Alhamisi ile hakuna aliyeimba. Kwa kawaida huwa wanaimba nyimbo za kanisani, na mama wa sauti ya pili huwakera wote. Siku hiyo ilisikika sauti ya karatasi tu, na ya Yvonne akitaja nne. Katoni ya kwanza ilipofika, Nzilani aliikagua, na mkono ukashuka. Ukapapasa sakafu. Haukukuta kitu, ukarudi juu. Ya pili, ukashuka tena. Mpaka ya sitini ulikuwa bado unashuka, na kila uliposhuka Nzilani aliona zile kona tupu za katoni zikimtazama. Alizifunga zote mia mbili. Zilipofungwa Yvonne alizipima upya moja moja, gundi na yote, zikawa nne. Nzilani hakumsifu mtu. Aliosha mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Ijumaa aliiweka simu kwenye kopo tangu saa tatu. Wenzake wanne walikuja wakakaa naye chini ya miti, wakijifanya wamekuja kuazima jembe. Saa nne ilipita. Upepo ulivuma kidogo kwenye majani na mmoja wao akauliza kama huo ndio ule wa mbele. Saa nne na nusu. Nzilani alikuwa akijiuliza kama kuna katoni moja, hata moja, ambayo mkono wake uliitilia kiembe bila yeye kujua. Saa tano kasoro kopo likalia kama kengele ya shule.

"Zimeruka," alisema Hemedi. "Zote. Mia nane kamili. Yule wa mizani ameniuliza kama ni mimi yule yule wa wiki jana. Nafasi ni yenu mpaka Machi, Mama Kitheka."

Wale wanne walipiga vigelegele, wakakumbatiana, mmoja akakimbia kumwita Yvonne. Nzilani alishukuru Mungu kwa sauti, na alishukuru kweli, kwa kuwa magunia hayatarudi. Lakini ngoja niseme lililokuwepo: furaha haikumjaa. Alikuwa kama mtu aliyeaga wageni mlangoni na kusahau kuwapa mkono.

Jumanne Hemedi alituma ujumbe wa sauti. Ulikuwa umetoka kisiwani, kwa Nasima, mwanamke wa pwani anayesimamia jikoni katika hoteli mojawapo, ambaye kwa miaka minne Nzilani alimjua kama jina kwenye karatasi ya mzigo na si zaidi. Yvonne aliucheza simu ikiwa juu ya meza ya banda, wanawake wote wakiwa wameizunguka.

"Hemedi, salaam aleikum," ilisema sauti ile, laini, Kiswahili kimenyooka. "Maembe yamewasili salama, mazuri kama ada. Ila nina neno nataka kuuliza na sijui niulize vipi. Yule mama anayefunga katoni, yu hai? Nauliza kwa sababu miaka yote hii, kila katoni nikifungua nakuta kiembe kidogo pembeni, hakimo kwenye hesabu. Nami sijapata kukiandika katika vitu vya hoteli, maana nilijua si vya hoteli. Nawagawia wasichana wa kufua, wametoka bara, hawajaona kwao siku nyingi. Leo tumezifungua zote, hatukukuta hata kimoja. Wasichana wamenyamaza tu. Kama mama yule ametutoka, tafadhali tuambieni, tumwombee."

Yvonne alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nzilani aliutazama mkono wake wa kulia uliolala mezani, akautazama kwa muda, kisha akaisogeza simu karibu na uso wake na kuuliza ni wapi mtu anabonyeza ili ajibu. Yvonne akambonyezea.

"Mwambie niko hai," alisema Nzilani. "Ni ndege ndiyo imekuwa ndogo."